Msuka wa Kisu cha Kijapani: Unavyoungwa, Unavyotiwa Kipini na Unavyoharibika

Anayenunua kisu cha jikoni cha Kijapani hutazama bapa: mng'ao wake, mistari ya chuma, jina la fundi lililochongwa karibu na kipini. Sehemu inayoamua kisu kitadumu miaka mingapi haioni. Ni msuka, ule mkia wa chuma unaozama ndani ya mti. Sisi tunaobadilisha vipini tunalijua hilo vizuri, kwa sababu visu vingi vinavyofika mezani petu makali yake bado ni mazima. Kilichooza ni msuka.

Swali tunaloulizwa kuliko mengine ni hili: je, msuka ni chuma kimoja na bapa, au umechomelewa? Mara nyingi muuliza huwa ameshaamua kwamba msuka wa kuchomelewa ni ulaghai wa kiwandani. Hatukubaliani naye. Kiungo kilichofanywa mahali sahihi na kwa wakati sahihi hudumu kuliko msuka wa kipande kimoja ulioachwa unywe maji. Lakini kiungo kibaya nacho ni kibaya kweli, na sababu zake zinajulikana.

Tuanze na Sakai, mji ulio kusini mwa Osaka, kunakotoka visu vingi vya wapishi wa Kijapani vyenye makali upande mmoja: yanagiba ya kukatia minofu mibichi, deba ya kupasulia samaki, usuba ya mboga. Kazi ya kule imegawanywa. Mmoja anafua, mwingine ananoa, mwingine anachonga vipini, na kwa kawaida muuzaji wa jumla ndiye anayepachika kipini na kuchonga jina mwishoni kabisa. Kwa hiyo kipini kimekuwa tangu zamani kitu cha kubadilishwa, na msuka umefuliwa ukijua kwamba utatolewa na kurudishwa.

Kisu cha kawaida cha Sakai si pua tupu, yaani chuma kigumu kinachoshika makali. Mhunzi huchukua ufito wa chuma laini, hunyunyizia unga wa boraksi uliochanganywa na chembe za chuma, huweka juu yake kipande cha pua yenye kaboni nyingi, hupasha moto hadi karibu nyuzi 1000 za Selsiasi, kisha hupiga nyundo mpaka viwili viwe kimoja. Pua hiyo, kwa mfano Shirogami namba 2 yenye kaboni ya asilimia 1.05 hadi 1.15, hulazwa kwenye sehemu itakayokuwa makali na kuishia pale. Msuka huvutwa kwa nyundo kutoka kwenye chuma laini pekee. Hapo hakuna kiungo kinachokata shingo ya kisu. Chuma laini kimeanzia mgongoni kikaendelea hadi ncha ya msuka bila kukatika, na kisu kikidondoka sakafuni msuka utapinda, hautavunjika. Ukipinda unanyooshwa kwa nyundo ya mbao ukiwa baridi, kazi imekwisha.

Honyaki ni habari nyingine, kwani kisu kizima ni pua moja. Kinachookoa msuka wake ni namna kinavyotiwa maji. Bapa hupakwa udongo, hupashwa moto wa karibu nyuzi 780 hadi 800, halafu huchovywa. Koleo limeshika msuka, moto haujaufikia kwa kiwango kile, na maji yanaishia kwenye kisigino, yaani mwisho wa makali upande wa kipini. Shingo ikichovywa nayo ikiwa nyekundu, inakuwa ngumu kama bapa, na shingo ngumu haipindi: inakatika.

Kuna kona moja ndogo inayosababisha hasara kubwa. Pale bapa linapopungua upana kuwa msuka pana bega, na ndani ya bega pana kona. Tupa ya mraba ikiacha kona hiyo kali, ufa utaanzia hapo, ama siku ya kuchovya ama miaka kadhaa baadaye wakati mtu anapopasua kichwa cha samaki mkubwa. Kona iviringishwe kwa tupa ya duara, hata kwa nusu kipenyo cha milimita 1 au 2 tu. Ukifungua kipini cha kisu chochote, bei yoyote, tazama kona hiyo kabla ya kutazama kingine.

Sasa viwandani. Katika miji kama Seki, mkoa wa Gifu, na Echizen, mkoa wa Fukui, visu vingi havianzi na ufito na tanuri. Vinaanza na bamba lililokwisha kuunganishwa: pua ngumu katikati, na pande mbili chuma laini au chuma kisichoshika kutu. Takefu Special Steel ya Echizen ni miongoni mwa wanaotengeneza mabamba hayo. Bamba hukatwa kwa mashine kufuata umbo la kisu. Hapo ndipo hesabu ya msuka inapobadilika. Ukikata msuka kutoka kwenye bamba lile lile, unazika sentimita 10 za pua ya bei kubwa ndani ya mti ambako haikati kitu. Halafu, kama kiini ni pua ya kaboni, msuka utakuwa na ukanda wa kutu katikati ya chuma kisicho na kutu, ndani ya mti ambamo unyevu haukauki upesi. Na kiini hicho kikipata ugumu kwa bahati mbaya wakati wa kuchovya, una msuka wa kukatika.

Kwa hiyo wapo wanaokata bapa na kisiki kifupi cha shingo, kisha wanachomelea kipande cha chuma kisichoshika kutu kuwa msuka. Kwenye visu vya vipini vya Kizungu, vile vyenye vipande viwili vya mti na ribiti tatu, mara nyingi huchomelewa pia kola ya chuma iliyo kati ya bapa na mti, ambayo Wajapani huiita kuchigane. Kola hiyo husuguliwa hadi isionekane ilipoungwa. Mnunuzi anadhani kisu kimefuliwa hivyo kilivyo. Hatuoni kosa katika kuunga, ila muuzaji akisema kwamba ni kipande kimoja wakati si kimoja, hapo amedanganya.

Jambo la kwanza la kuunga vizuri ni wakati: kuunga kutangulie kuchovya. Pua yenye kaboni asilimia 1 haipendi kuchomelewa. Ukanda ulio jirani kabisa na mshono hupanda juu ya nyuzi 800, halafu chuma baridi kinachouzunguka hufyonza joto lake kwa kasi, na ukanda ule unakuwa mgumu na mwepesi kukatika kama kioo. Mbele kidogo, kuelekea makali, joto limefika nyuzi 300 au 400, na kama bapa lilikuwa limeshapewa ugumu, ugumu huo umepotea. Bapa likichomelewa kwanza, kisha likapashwa moto na kuchovywa na kurudishiwa moto mdogo, kasoro zote mbili zinafutika. Likichomelewa baada ya ugumu, kisu kitakatika kando ya mshono, si juu yake. Mshono wenyewe utabaki mzima, na ndiyo maana watu huulaumu uzi wa kuchomelea bila sababu.

La pili ni umbo la kiungo. Shingo ya kisu cha milimita 210 ina unene wa milimita 3 hivi. Ukigusanisha kingo mbili tambarare na kupitisha mshono juu, moto unayeyusha ngozi tu. Mshono ukisuguliwa ili shingo iwe laini, unaondoa karibu chuma chote kilichoshika, na kinachobaki katikati ni mstari wa vyuma viwili vilivyogusana tu. Kingo zote ziinamishwe kwa tupa pande zote mbili zipate umbo la V, ziachwe na upenyo mdogo, na mshono upite pande zote mbili mpaka ukutane katikati. Kwa kuunga pua ya kaboni na chuma kisichoshika kutu, uzi wa aina ya 309 ndio wa kutegemea, kwa sababu kromiamu na nikeli zake huvumilia kuchanganyika na chuma kingine. Shingo ipashwe kwanza hadi nyuzi 200 hadi 300, na ikishaungwa ifukiwe ndani ya majivu makavu ipoe polepole. Anayeiacha ipoe mezani penye upepo ataisikia ikilia: mlio mdogo wa kupasuka, mara moja, na kazi imeharibika.

La tatu ni mahali. Unapokata, mkono unashikilia mti na ubao unasukuma bapa juu. Nguvu ya kupinda ni kubwa zaidi pale chuma kinapoingia kwenye kipini. Hapo hapo ndipo maji yanapojikusanya. Kiungo kisikae kwenye mstari huo. Tunapenda kiwe mbele kidogo, kwenye shingo, nje, mahali pana na pakavu, hata kama kitaonekana. Kukificha milimita chache ndani ya mlango wa kipini ni kukiweka pabaya kuliko pote.

Utajuaje msuka umechomelewa? Kama bapa ni la kaboni, litumie miezi michache. Bapa litapata rangi ya kijivu na buluu, na shingo ikiwa ya chuma kingine itabaki nyeupe, na mpaka kati yao utaonekana kama mstari uliochorwa. Kwenye kisu cha bamba la tabaka tatu, fuata mstari wa kiini kwenye mgongo: ukikoma ghafla kabla ya kipini, bapa limeishia hapo. Sumaku nayo husaidia. Chuma kisichoshika kutu cha aina ya 304 hakivutwi au kinavutwa kidogo sana, bapa linavutwa kwa nguvu. Ila kuna vyuma visivyoshika kutu vinavyovutwa na sumaku, kwa hiyo sumaku peke yake haitoshi kuhukumu.

Tukifika kwenye kipini, tunafika kwenye kazi yenye ladha kuliko zote. Kipini cha kawaida cha Sakai ni cha mti wa ho, jamii ya magnolia, mwepesi na laini, na mdomoni kina noleo, yaani pete ya kukaza mdomo, la pembe ya nyati wa majini. Ndani kina tundu jembamba lililotobolewa kwa keekee, jembamba kuliko msuka, na hilo ni kwa makusudi. Msuka wenyewe unafungua njia yake kwa moto.

Kabla ya moto, pitisha tupa ndogo kwenye tundu la noleo hadi msuka baridi upite bila kugusa pembe. Watu wengi huruka hatua hii. Pembe ikiguswa na chuma chekundu inanuka kama nywele zilizoungua, inasinyaa, na siku chache baadaye inapasuka. Funga bapa na shingo kwa kitambaa kilichoroweshwa maji, vizuri, mizunguko kadhaa, na uwe na maji ya kuongeza. Kisha pasha theluthi mbili za msuka kuanzia nchani. Tanuri la mkaa au tochi ya gesi, vyote vinafaa. Unatafuta wekundu hafifu unaoonekana kivulini, si wekundu wa kung'aa. Ingiza moja kwa moja, sukuma kwa mkono sekunde 4 au 5, toa. Moshi mweupe utatoka kwa wingi. Pigisha mdomo wa kipini kwenye meza masizi yadondoke, kwangua yaliyobaki kwa waya, pasha tena, ingiza tena. Kila mara elekeza jicho kutoka nyuma ya kipini hadi ncha ya kisu, na uangalie pia kwa juu kwamba mgongo haujalala upande. Katika mizunguko ya mwanzo unaweza kunyoosha, lakini njia ikishakuwa ndefu msuka unafuata ilikokwenda, hata kama imekwenda kombo.

Acha kuchoma ukibakiza milimita 10 hadi 15 kabla msuka haujafika mahali pake. Ngoja kila kitu kipoe. Sasa shika kipini mkononi, ncha ya kisu ikitazama chini na mbali na miguu, bila kuegemeza kisu popote, na upige kitako cha kipini kwa nyundo ya mbao. Anayeona mara ya kwanza hudhani kisu kitachomoka. Kinafanya kinyume: mti unashuka kwa pigo, bapa kwa uzito wake linachelewa, na msuka unazama ndani zaidi kwa kila pigo. Sauti inabadilika. Mapigo ya kwanza yanalia kwa uvivu, na yanapofika mwisho yanakuwa makavu na makali. Ukisikia hivyo, simama. Pigo moja la ziada linapasua mti wa ho kuanzia kwenye noleo.

Msuka ulionyooka pande zote, wenye upana uleule kuanzia begani hadi nchani, hautashika kwa njia hii hata upige vipi. Lazima upungue upana na unene kidogo kidogo, mfano milimita 12 begani na 6 nchani, ili kila pigo liukaze. Misuka mingi ya kuchomelewa hukatwa kutoka kwenye bamba na haina upungufu wa unene. Hiyo inahitaji gundi.

Visu vya Sakai huachiwa nafasi ya sentimita 1 hivi kati ya bega na kipini. Wapo wanaoiona kama kazi isiyomalizika. Tunaiona kama akiba: kipini kikilegea baada ya miaka, unapiga kitako tena na msuka una pa kwenda. Mafundi wengine huzamisha bega hadi kwenye mti, na kisu kinapendeza, ila kikilegea hakuna pa kukisogeza.

Gundi au bila gundi? Kwa kipini cha ho kilichochomwa sawasawa, nta ya nyuki iliyoyeyushwa na kumiminwa mlangoni inatosha. Inazuia maji na haizuii kufungua. Epoksi tunaiweka kwenye vipini vya mti mgumu, ambao hauwezi kuchomwa bila kupasuka, na ambao hutobolewa tundu la kumwezesha msuka kuingia kwa ulaini. Msuka ukwaruzwe kwa msasa namba 120, upanguswe kwa asetoni, epoksi ichanganywe kwa kipimo ilichoandikiwa, na tundu lijazwe kutoka chini kwenda juu kwa kijiti ili hewa isibaki. Kisu kisimamishwe saa 24 bila kuguswa. Pengo la hewa lililobaki chini litakuwa kisima cha maji.

Na maji ndiyo adui. Kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa. Ndani ya mti haina pa kutanukia, kwa hiyo inasukuma, na kipini kinapasuka kufuata nyuzi zake. Dalili ya mapema ni maji meusi yanayotoka mlangoni ukibana kisu baada ya kukiosha. Dalili inayofuata ni mtikisiko mdogo ambao mpishi anauzoea. Ukifikia ufa, fungua siku hiyo hiyo. Wanaofanya kazi kwenye majiko yenye kiyoyozi kikali, kama mahoteli ya Ghuba, wana tatizo la pili: mti uliotiwa msuka pwani penye unyevu unasinyaa kule, na kipini kilichokuwa kimekaza kinaanza kucheza. Gonga kitako, ongeza nta, na usimimine maji kwenye mlango ili mti uvimbe. Utavimba leo na msuka utaoza mwaka ujao.

Kufungua kunataka subira. Kisu kisicho na gundi kinatoka kwa kuweka kipande cha mti mgumu dhidi ya noleo, sambamba na shingo, na kukigonga kuelekea nyuma upande huu na ule. Chenye epoksi kipashwe kwanza: kipini ndani ya mfuko wa plastiki kwenye maji yanayokaribia kuchemka, dakika 10 hadi 15, gundi italainika. Bapa la kaboni lilirudishiwa moto wa nyuzi 180 hivi na hata zaidi, kwa hiyo joto la maji ya moto haliwezi kulipunguzia ugumu. Moto wa tochi unaweza. Ukiona rangi ya majani makavu kwenye kisigino umefika nyuzi 220, ukiona buluu umefika karibu 300, na makali ya hapo hayatashika tena.

Msuka ukishakuwa wazi, uondolee kutu kwa tupa na upime kilichobaki. Kama begani umebaki na theluthi mbili za unene, utumie. Kama umeliwa zaidi, au kama unashuku kiungo, paka shingo mafuta ya taa, ngoja robo saa, pangusa hadi ikauke, kisha sugua chaki. Ufa usioonekana kwa macho utatoa mafuta na kuchora mstari mweusi kwenye weupe.

Mstari ukionekana, uamuzi unategemea aina ya kisu. Yanagiba inaweza kuungwa upya hata ikiwa na ugumu wake: bapa linazamishwa majini hadi kisigino, shingo pekee inabaki nje, mshono unapitishwa vipande vifupi vifupi, kisha shingo inarudishiwa moto mdogo hadi iwe buluu ili isibaki kama kioo. Utapoteza ugumu wa sentimita 1 kwenye kisigino, mahali ambapo mkataji wa minofu hapategemei sana. Deba haifanyiwi hivyo. Kisigino chake ndicho kinachokata mifupa, na shingo yake inabeba kila pigo. Deba yenye ufa shingoni irudishwe kwa mhunzi, alegeze bapa zima motoni, avute au aunge msuka mpya, na alichovye upya tangu mwanzo.